Mkichapa upya, badilisheni pleti nyeusi: barua ya wazi kwa wenye tuzo za vitabu vya watoto vya Kifaransa

Waheshimiwa mabibi na mabwana,

Naandika kwenu mnaosimamia tuzo za vitabu vya watoto na vijana vya Kifaransa, mlioko Montreuil, Paris, Rennes, Brussels na Montréal, na kwa wachapishaji mnaopanda jukwaani kuzipokea. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kifaransa nakijua, nimekifundisha miaka thelathini na moja. Lakini jambo langu linahusu Kiswahili, na nimechoka kukiombea kwa lugha ya mwenzake. Mkilazimika kutafuta mtu wa kuwasomea barua hii, mtakuwa mmeionja kidogo shida yenyewe kabla sijaanza kuieleza.

Naishi Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Tangu nistaafu, kila Jumamosi asubuhi nafungua chumba cha mbele, natandika mkeka, na watoto wa mtaa wanaingia kusoma. Wengi baba zao ni mafundi wa magari, maana Buyenzi ni mtaa wa gereji. Mtoto anasoma habari za binti mfalme huku nje mtu ananyoosha bampa kwa nyundo. Nyumbani watoto hawa wanasema Kiswahili. Shuleni wanaanza na Kirundi, baada ya miaka michache masomo yanageuzwa Kifaransa: hesabu kwa Kifaransa, jiografia kwa Kifaransa, na hapo ndipo wengi wanapopotea njia. Kwao Kifaransa ni lugha ya tatu, na ndiyo inayoamua nani atavuka na nani atabaki.

Mwaka jana tuliletewa katoni tatu za vitabu kutoka mji mmoja wa Ufaransa. Sitautaja mji wala waliotuma, kwa sababu walituma kwa moyo mweupe na walilipia meli kwa pesa zao. Tuliburuta katoni hadi barazani, watoto kama arobaini wakazunguka, nikakata kamba kwa kisu cha jikoni. Juu kabisa kulikuwa na vitabu vya mazoezi ya hesabu, vimekwisha jazwa kwa penseli na mtoto mwingine, pamoja na makosa yake. Chini yake mwongozo wa vilima vya kuteleza kwenye theluji. Kamusi iliyoanzia herufi C. Riwaya nane za watu wazima, ambazo nilizitazama majalada nikazisukuma chini ya kitanda kabla watoto hawajaanza kuuliza. Vingi vilikuwa na muhuri wa maktaba, na juu ya muhuri huo mwingine wa kusema kwamba kitabu kimefutwa kwenye hesabu. Watoto hawajui kusoma mihuri. Mimi najua.

Kwenye katoni ya tatu, chini kabisa, kilikuwepo kitabu cha picha chenye kibandiko cha duara cha rangi ya dhahabu. Kijana mmoja wa darasa la nne akakikwaruza kwa ukucha kuona kama ni dhahabu kweli, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hiki kilishinda mbio gani?" Msicheke. Hapa kwetu medali ya dhahabu tunaijua kwa miguu ya Vénuste Niyongabo, aliyetuletea ya mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996. Nikamweleza kwamba vitabu navyo hushindanishwa. Watu hukaa mezani, wakasoma vingi, wakachagua kimoja. Akafikiri kidogo. "Mbona sisi hatukuulizwa?"

Jumamosi iliyofuata tukaulizana. Nilipanga vitabu vitano kwenye mkeka, mbele ya kila kimoja kikombe, na kila mtoto akapewa punje tatu za maharage azitie atakapo. Kitabu chenye medali kilipata punje nne, na mbili kati yake nadhani ziliangushwa na mtoto wa jirani ambaye hajaanza shule. Nikataka kujua sababu. Yule yule wa medali akasema: "Kitabu kizima hakuna mtu anayekula." Nilipobaki peke yangu nikakifungua ukurasa kwa ukurasa. Ni kweli. Upepo umo, ukungu umo, na msichana anayetazama dirisha. Hakuna sahani hata moja. Jopo lenu la wataalamu halikuliona hilo.

Kilichoshinda ni kijitabu chembamba cha pini mbili kutoka Kigali, cha wale Éditions Bakame walioanza mwaka 1995 kuwachapia watoto wa Rwanda vitabu kwa Kinyarwanda. Bakame ni sungura, yule yule mjanja wa hadithi zetu, na mtoto wa Kirundi anamsoma bila kuhitaji mkalimani. Kikombe chake kilijaa hadi maharage yakamwagika.

Sijaandika kudharau tuzo zenu. Nazifuatilia kuliko mnavyodhani; kila mwisho wa Novemba mpwa wangu aliyeko Lyon hunitumia majina ya washindi wa maonyesho ya vitabu vya watoto ya Montreuil kwa WhatsApp, nami hunakili kwenye daftari. Tuzo za Montreuil siku hizi mnaziita Pépites, yaani punje za dhahabu, kama zile wanazotafuta vijana wetu kwenye matope ya Cibitoke. Zamani mlikuwa na tuzo ya kitabu cha picha iliyoitwa Baobab. Hilo jina nililipenda zaidi. Waswahili husema mbuyu ulianza kama mchicha, na sijui kwa nini mtu aliyekwisha pata mbuyu akaubadilisha kwa punje.

Na zile ninazozipenda kuliko zote ni zile ambazo watu wazima wamekubali kunyamaza. Wabelgiji mwaka 1979 walianzisha tuzo ya Bernard Versele, ambayo wenye kupiga kura ni watoto wenyewe, hata wale wa miaka mitatu wanaosomewa. Ufaransa mna Prix des Incorruptibles tangu 1988, na watoto wanaanzia shule ya chekechea hadi sekondari: wanasoma mwaka mzima wa shule, kisha kila mtoto anapiga kura yake kama raia. Tuzo ya Sorcières nayo naiheshimu, kwa sababu ni ya wauza vitabu na wakutubi, watu wanaomwona mtoto akikirudisha kitabu rafuni baada ya ukurasa wa pili. Nyingine, samahani, naziona ni za watu wazima wakipeana pole. Watu wazima wanapenda sana vitabu vya huzuni vyenye rangi ya kijivu.

Halafu kuna ile ya wanafunzi wa lycée, yaani sekondari ya juu, Goncourt des lycéens, iliyoanzia Rennes mwaka 1988. Wanafunzi karibu 2,000 wanasoma riwaya zile zile ambazo wazee wa Académie Goncourt, wenye tuzo ya watu wazima, wanazisoma, kisha wanachagua ya kwao. Tazameni walivyochagua. Mwaka 2000 walimpa Ahmadou Kourouma wa Côte d'Ivoire, kwa hadithi ya mtoto aliyefanywa askari. Mwaka 2006 Léonora Miano wa Cameroun. Mwaka 2020 Djaïli Amadou Amal, naye wa Cameroun. Na mwaka 2016 walimpa kijana wa hapa Bujumbura, Gaël Faye, kwa *Petit pays*.

Siku ile habari zilipofika tulishangilia kama tumeshinda mpira. Kitabu kinaitaja mitaa tunayopita kila siku, ziwa letu, maembe yanayoibwa, na vita vilivyotukuta tukiwa watu wazima na wao wakiwa watoto. Mimi nilikisoma usiku mbili. Jambo moja halijanitoka hadi leo. Yule mtoto Gaby, mambo yanapoharibika na marafiki zake wanaanza kuzungumza habari za bunduki, anapata pa kukimbilia kwa jirani yake, mama mmoja Mgiriki, Madame Economopoulos, ambaye sebule yake imejaa vitabu. Anaazima kimoja, anarudisha, anaazima kingine. Huyo mama ndiye maktaba yake yote. Nilipofika hapo nikakifunga kitabu kwa muda, nikahesabu watoto wangu wa Jumamosi, nikajiuliza kila mmoja wao atampata wapi Mgiriki wake.

Riwaya iliyochaguliwa na watoto wa Ufaransa kwa sababu inasimulia utoto wa Bujumbura inauzwa kwa euro. Warwanda walikaa wakaitafsiri kwa Kinyarwanda, wakaiita *Gahugu Gato*, na kwa hilo nawapa mkono. Hao walitafsiri kwa juhudi zao. Medali haikuwa na kifungu chochote kinachosema kwamba kitabu kitafutiwe njia ya kurudi kilikotoka.

Sasa niwaambie habari za daftari, maana ndizo zilizonifanya nikae kuandika.

Nina kitabu kimoja cha Dominique Mwankumi, mchoraji wa Congo, *La pêche à la marmite*. Mwaka 2002, maonyesho ya vitabu ya Zimbabwe yalipotangaza orodha ya vitabu 100 bora vya Afrika vya karne ya 20, kitabu hicho kilikuwemo upande wa watoto, pamoja na *Mamy Wata et le monstre* cha Véronique Tadjo wa Côte d'Ivoire. Heshima kubwa. Ni kitabu cha Mkongo kuhusu mto wa huko kwao, kimechapishwa Paris, nami nilikipata kwa mpwa wangu aliyekiokota kwenye meza ya mitumba. Kinakosa karatasi moja, ya pili kutoka mwisho. Imekatwa vizuri kwa wembe. Nadhani mtu aliipenda picha.

Kuna binti mmoja, ana miaka kumi na moja, mama yake anauza ndagala, yaani dagaa, sokoni. Kitabu hakitoki nyumbani kwangu, ni sheria, kwa sababu ni kimoja na wao ni arobaini. Huyu binti akaja na daftari. Jumamosi nne mfululizo alikaa pembeni akakinakili. Nilidhani ananakili Kifaransa. Nilipochungulia nikaona mistari miwili miwili: juu Kifaransa kwa kalamu ya bluu, chini Kiswahili kwa penseli. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anamwandikia bibi yake. Bibi hakijui Kifaransa, na kila akirudi Jumamosi bibi humwambia: haya, nisimulie ulichosoma, naye husimulia, lakini akifika katikati anasahau, bibi anakasirika.

Alikuwa amekwama kwenye neno la jalada. *Marmite* ni nini kwa Kiswahili? Yeye aliandika sufuria. Wenzake wakaingilia: wa kwanza akasema ni chungu, wa pili akasema chungu ni cha udongo na cha udongo kikigonga jiwe la mtoni kinapasuka, wa tatu akasema basi tuseme marmiti, kila mtu ataelewa. Kelele zikawa nyingi hadi fundi wa nje akaacha nyundo akaja kuuliza kuna nini, naye akatoa hukumu yake: sufuria. Binti akaenda nalo nyumbani. Jumamosi iliyofuata akarudi na neno limefutwa. Bibi alikataa. Bibi alizaliwa kando ya ziwa, amesema wakati wake mtu akivua kwa chombo cha kupikia basi ni chungu, na aliyevua na sufuria nani? Picha haiwezi kumaliza ugomvi maana bibi haoni vizuri. Mpaka leo daftari limeandikwa "Uvuvi wa" na pengo.

Waheshimiwa, mimi nimefundisha tafsiri darasani miaka yote hiyo, kwa vitabu vya sarufi na mitihani. Sijawahi kuona watoto wakigombea nomino kwa moto namna ile. Huyo binti, kwa taarifa yenu, Kifaransa chake kimepanda kuliko cha wote. Amelazimika kulielewa kila neno kwa sababu nyumbani kuna mtu mkali anayesubiri.

Ndiyo maana nikisikia hoja kwamba kuwapa watoto hawa vitabu kwa Kiswahili kutawapunguzia hamu ya Kifaransa, natamani mwenye hoja aje akae kwenye mkeka Jumamosi moja. Mtoto hapandi ngazi kwa kuanzia kipago cha tatu.

Ombi langu linatoka kiwandani. Mwanafunzi wangu wa zamani amefanya kazi ya uchapaji maisha yake yote, naye ndiye aliyenifungua macho. Picha ya rangi huchapwa kwa wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, na kila wino una pleti yake, yaani bamba linalobeba sura ya kuchapwa. Maneno ya hadithi hukaa kwenye pleti nyeusi peke yake. Ghali katika kitabu cha picha ni kuanza: kumlipa mchoraji, kutengeneza pleti, kuwasha mashine na kuhangaika na rangi mpaka uso wa mtoto kwenye picha usionekane kama una homa ya manjano. Karatasi nyingi hutupwa kabla ya nakala ya kwanza iliyo sawa. Mambo yakishakaa, mashine inatembea, na kila nakala inayoongezwa ni karatasi, wino na gundi. Ndiyo maana wachapishaji wa Ulaya huchangiana safari moja ya mashine: zinachapwa nakala za Kifaransa, fundi anatoa pleti nyeusi, anaweka nyeusi ya Kijerumani, anaendelea, anatoa hiyo, anaweka ya Kikorea. Rangi tatu haziguswi.

Mnajua hayo kuliko mimi. Na mnajua pia kwamba wiki mnayotangaza tuzo, simu ya kiwandani inalia. Mchapishaji anaagiza kitabu kichapwe upya ili wazazi wakikute dukani kabla ya Noeli, na ule mkanda mwekundu au kibandiko cha dhahabu juu yake. Mashine itawashwa hata hivyo. Rangi zitapatanishwa hata hivyo.

Siku hiyo, kabla fundi hajazima mashine, abadilishe pleti nyeusi. Nakala 2,000. Kiswahili juu, Kifaransa chini yake kwa herufi ndogo zaidi, kama daftari la yule binti. Hilo tu.

Ili liwezekane, liandikwe kwenye kanuni za tuzo tangu mwanzo: mchapishaji anayeleta kitabu chake kushindania anakubali kwamba kikishinda, haki ya Kiswahili, na ya lugha nyingine za huku kama Kirundi, itatolewa kwa mchapishaji wa huku kwa bei ya jina tu, na kwamba mwandishi na mchoraji watalipwa sehemu yao kutoka kwenye fedha za tuzo, siyo kwa kuombwa sadaka. Mkitaka zawadi iwe ndogo kidogo kwa ajili hiyo, iwe ndogo. Sina ugomvi na mwandishi kulipwa. Mtu aliyechora mawimbi mwezi mzima ale.

Mtaniambia misaada ya tafsiri ipo. Ipo, naijua. Centre national du livre huko Paris husaidia tafsiri kutoka Kifaransa, na Institut français ina mpango wake wa kusaidia wachapishaji wa nchi za nje. Lakini tazameni mlango wenyewe ulivyo. Mchapishaji mdogo wa huku lazima kwanza ajue kwamba kitabu kipo, akipate akisome, aandikie idara ya haki, ajibiwe, asaini mkataba, ajaze fomu, asubiri kamati, kisha atafute pesa za kuchapa rangi kamili peke yake, mashine iwashwe upya kwa ajili ya nakala zake chache. Hapo rangi zile zile zinalipiwa mara ya pili. Akifika mwisho kitabu kinauzwa ghali kama cha Paris, na mama anayeuza ndagala hawezi kutoa euro kumi na nne. Euro kumi na nne ni siku zake nyingi, na katika siku hizo watoto wanakula. Nyinyi mna sheria nzuri ya mwaka 1981 inayofanya kitabu kiwe na bei moja kutoka Strasbourg hadi Brest. Kikivuka bahari sheria hiyo haikifuati.

Na msiseme Kiswahili hakina nguvu za kubeba vitabu hivi. Saint-Exupéry, mwandishi Mfaransa wa *Le Petit Prince*, anasomwa kwa Kiswahili: *Mwana Mdogo wa Mfalme* ilitolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2009. Nimewasomea watoto, na mbweha wa kwenye kitabu kile anaongea Kiswahili safi kuliko baadhi ya wabunge. Nakala inayotoka Dar inaweza kusomwa Kigoma, Mombasa, Uvira, Lubumbashi na hapa Buyenzi. Kuna lugha za Ulaya mnazochapia vitabu kila mwaka ambazo wasemaji wake wote wangeenea Dar es Salaam na nafasi ikabaki.

Kiswahili kipi, mtauliza. Swali zuri, na jibu mmeliona: sufuria au chungu. Mtu wa Dar atasema hivi, wa Lubumbashi vile. Wekeni wahariri wawili, mmoja wa pwani na mmoja wa huku bara, wagombane wiki moja kwa chai na vitumbua, mtapata neno. Au liacheni pengo, bibi atalijaza.

Vitabu vizuri mnavyo vya kutosha. Mwaka 2022 Marie-Aude Murail alipata tuzo ya kimataifa ya vitabu vya watoto ya Hans Christian Andersen. Ile ya Sweden ya Astrid Lindgren, yenye krona milioni tano, imekwenda kwa Kitty Crowther wa Ubelgiji mwaka 2010, kwa Jean-Claude Mourlevat mwaka 2021, na kwa Marion Brunet mwaka 2025. Nyuma kabisa, mwaka 1964, Andersen ilimwendea René Guillot, Mfaransa aliyefundisha hesabu Senegal miaka mingi akaandika hadithi za tembo na chui wa Afrika. Tembo na chui hao wamesomwa Ulaya nzima. Huku kwao wamekuja wangapi? Na msinijibu kwa katoni.

Kuhusu katoni, niliseme hata kama litaudhi. Zinatujazia rafu na kumuua mchapishaji wa huku. Mkuu wa shule akiona rafu imejaa haagizi kitabu Kigali wala Dar, hata kama zilizojaa ni miongozo ya theluji. Meli moja ya katoni zilizofutwa kwenye hesabu inakula nauli ambayo ingelipia pleti nyeusi na karatasi ya vitabu vipya. Nimepiga hesabu hiyo na mwanafunzi wangu wa kiwandani kwenye kipande cha karatasi, na tulipomaliza alikikunja akakitia mfukoni bila kusema neno.

Wenye mamlaka wa hapa kwetu wasidhani nimewasahau. Mfuko mmoja wa vitabu niliotumiwa na mpwa wangu ulikaa wiki sita kwenye ofisi moja ikibishaniwa kama ni bidhaa au si bidhaa. Nilipoitwa kwenda kuuchukua, ulikuwa umefunguliwa, na kijana wa dirishani, kwa haki yake, alikuwa amefika ukurasa wa arobaini wa kimojawapo na akaniomba amalize kwanza. Nilimwachia. Lakini saa ya kusoma haimo kwenye ratiba ya shule tuliyonayo, na mwalimu anayetaka kuwasomea watoto hadithi anaiba dakika kutoka kwenye somo la mazingira. Hilo si la Paris kulitengeneza.

Jambo la mwisho ni la kura. Tuzo zenu za watoto zinasema Kifaransa ni cha wote wanaokisema. Basi tuleteeni orodha ya mwaka mmoja, vitabu vitano, nakala kumi kumi, na karatasi za kura. Sisi tutasoma kama wanavyosoma wa Nantes na wa Liège. Tutawatumia matokeo pamoja na sababu, na sababu zetu mmekwisha zionja. Kama karatasi za kura ni shida, maharage tunayo.

Na kama kuna mmoja wenu mwenye kitabu kile cha Mwankumi nyumbani, kwenye rafu ya watoto waliokwisha kukua, naomba amfanyie yule binti wa daftari hisani moja isiyohitaji kanuni wala kamati. Aipige picha ile karatasi ya pili kutoka mwisho, mbele na nyuma, anitumie. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Kwenye daftari ameacha kurasa mbili nyeupe, akapiga mistari kwa rula, bluu juu, penseli chini. Bibi ameambiwa hadithi imefika hapo na inasubiri posta.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa Kifaransa
Buyenzi, Bujumbura